Flashi Ndogo Ni Taa ya Mita Tatu

Waheshimiwa viongozi wa vikundi, walimu, wazee wetu, shikamooni. Vijana, habari zenu.

Wengi mliomo humu ndio mnaokabidhiwa kamera ya kikundi siku ya harusi, mahafali au mkutano mkuu. Na kamera yenyewe mara nyingi ni hii ndogo ya mfukoni: PowerShot ya Canon, Coolpix ya Nikon, Cyber-shot ya Sony na nduguze. Mada yetu leo ni kile kidirisha kidogo cha plastiki kilicho pembeni juu ya lenzi, yaani flashi. Karibu kila kamera ya namna hii inacho, na karibu kila mtu hukiacha kijiamulie chenyewe lini kiwake. Ninachokuja kusema ni kwamba ukikiachia, kitawaka pale kisipofaa na kitalala pale unapokihitaji.

Sababu ni nyepesi. Kamera ikiwa kwenye flashi otomatiki mara nyingi inajiuliza swali moja tu: je, kuna giza? Kukiwa na giza, inawasha. Haijali kama mtu yuko mita moja mbele yako au mita ishirini. Sasa flashi ndogo, kwa jinsi ilivyo, kazi yake inaamuliwa na umbali kuliko giza.

Tazameni hesabu. Mwanga wa taa ndogo hutawanyika kadiri unavyokwenda, na hupungua kwa mraba wa umbali. Mtu aliye mita 1 akipata mwanga wa kiasi cha 100, wa mita 2 anapata 25, wa mita 3 anapata 11, na wa mita 4 anaambulia 6. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya kamera hizi huandika umbali wa flashi, na kwa modeli nyingi utakuta kama sentimita 50 hadi mita 3.5 lenzi ikiwa pana, na takriban mita 2 tu zumu ikivutwa hadi mwisho.

Hapo kwenye zumu watu wengi hukwama. Flashi ni ileile, kwa nini umbali upungue? Kwa sababu lenzi ya kamera ndogo ikivutwa, tundu lake hupitisha mwanga kidogo zaidi. Ilikuwa f/2.8, sasa ni f/5.6 au zaidi (namba ya f ikipanda, tundu limebanwa), na kutoka f/2.8 hadi f/5.6 ni kubaki na robo ya mwanga. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi: ukitaka kutumia flashi, rudisha zumu na usogee kwa miguu.

Anayekaa mstari wa kumi ukumbini, akavuta zumu yote na kuacha flashi iwake, anamulika visogo vya watu wa mstari wa tisa. Jukwaa halipati kitu. Na kuna hasara ya pili asiyoiona: kamera ikijua flashi itawaka, hushikilia kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kuruhusu mwanga, karibu na 1/60 ya sekunde, ikiamini flashi ndiyo itakayoleta mwanga. Matokeo yake jukwaa lililokuwa na taa zake nzuri linatoka jeusi tii. Zile flashi mnazoziona zikimetameta usiku kwenye majukwaa ya uwanja wa mpira ni betri zinazokwisha bure. Kwa picha ya namna hiyo zima flashi, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 800 au 1600, egemeza viwiko kwenye kiti cha mbele, na ukubali punje punje kidogo kwenye picha. Picha yenye punje inasomeka, nyeusi haisomeki.

Sasa tuje kwenye kitufe. Kwenye gurudumu la nyuma tafuteni alama ya radi. Modeli nyingi za Canon na Sony zimeiweka upande wa kulia, Nikon Coolpix nyingi zimeiweka juu. Ukibonyeza, menyu ndogo inafunguka. Radi yenye herufi A ni otomatiki. Radi peke yake ni flashi ya lazima, inawaka kila ukibonyeza, hata jua la saa sita. Alama ya jicho ni ya kupunguza macho mekundu. Radi yenye neno Slow, au alama ya mtu na nyota, ni flashi yenye shata ya polepole. Radi iliyokatwa kwa mstari ni kuzima.

Ukifungua menyu ukakuta chaguo mbili tu, otomatiki na kuzima, usidhani kamera ni mbovu. Iko kwenye hali ya otomatiki kamili, na modeli nyingi huficha chaguo nyingine zikiwa hapo. Peleka kwenye P, ile hali inayokuachia uchague flashi mwenyewe, zote zitatokea. Vilevile flashi mara nyingi itagoma ukiwa umechagua picha za mfululizo, video, au zile hali zenye picha ya milima na fataki. Watu wamepeleka kamera kwa fundi kwa jambo hili, na tatizo lilikuwa gurudumu.

Chaguo ambalo ningependa mlitumie kuliko yote ni flashi ya lazima mchana. Najua linasikika kinyume. Lakini sisi tunaishi karibu na ikweta, jua la adhuhuri linasimama utosini. Linapiga paji la uso na pua, kisha linaacha mashimo mawili meusi mahali pa macho. Mtu akivaa kofia, iwe ya pama au ile ya mahafali yenye bapa juu, nusu ya uso inazama. Kamera ikiwa otomatiki inaona mwanga tele, inaamua flashi haihitajiki. Hapo ndipo inapokosea zaidi.

Fanyeni hivi. Mhitimu aangalie upande ambao jua haliko, jua limpige mgongoni au begani. Kamera kwenye P, ISO 100, flashi ya lazima. Simama kati ya mita 1 na mita 2, si zaidi. Umbali huo mfupi una sababu, na hapa kuna hesabu ya pili. Kila flashi ina namba mwongozo. Kwa kamera ndogo tuchukulie ni 5 kwa ISO 100. Gawanya 5 kwa namba ya tundu la lenzi, unapata mita. Tundu likiwa f/2.8 ni mita 1.8, pungufu ya ile 3.5 ya kitabu kwa kuwa hapa ISO iko chini. Juani kamera hulibana hadi f/4 au f/5.6, ukabaki na mita 1.25 au hata 0.9. Kwa bahati nzuri mchana hatuhitaji flashi itawale, tunataka ijaze kivuli tu, kwa hiyo nusu ya nguvu inatosha na unaweza kunyoosha hadi karibu mita 2. Ukirudi mita 4 upate kundi zima la darasa, flashi itawaka, utaiona imewaka, na picha itakuwa sawasawa na ile isiyo na flashi. Kundi lipelekeni kivulini, chini ya mwembe au upande wa jengo usio na jua, mzime flashi.

Kwa kazi hii ya mchana kamera ndogo ina nguvu ambayo kubwa nyingi hazina. Shata yake imekaa ndani ya lenzi, kwa hiyo modeli nyingi huweza kuwasha flashi hata kwa 1/500 ya sekunde na zaidi. Kamera nyingi kubwa za lenzi za kubadilisha hukwama karibu na 1/200, labda ziongezewe flashi maalumu ya nje. Msizidharau hizi ndogo.

Usiku wenye taa, mambo yanageuka. Ukumbi umepambwa, nyuma ya maharusi kuna taa za rangi, au mko ufukweni jua limezama na anga bado lina wekundu. Flashi ya kawaida, kwa ile 1/60 yake, itakupa nyuso zilizoungua kwa mwanga mbele ya ukuta mweusi. Chagueni flashi ya polepole. Kamera itawasha flashi kwa ajili ya watu, kisha itaacha shata wazi kwa 1/8, robo, au hata sekunde nzima ili taa za nyuma zipate muda wa kuingia. Kwa kuwa mwale wa flashi hudumu kama 1/1000 ya sekunde au pungufu, uso hugandishwa hata mkono wako ukitikisika kidogo. Lakini taa za nyuma hazigandishwi, zinaandika mkono wako ulivyokuwa. Basi wekeni kamera mezani au kwenye tripodi, na mtumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiisukume. Na waambieni watu wasiondoke flashi ikiwaka. Hili ndilo linaloharibu picha nyingi za polepole: flashi imewaka, shangazi anageuka kuchukua pochi, shata bado iko wazi, na kwenye picha taa za ukutani zinaonekana kupitia begani kwake.

Kama taa ya ukumbi inawapiga watu moja kwa moja, flashi ya polepole haifai. Watapata mwanga wa aina mbili, flashi itawagandisha na taa itawachora tena wakisogea. Hapo chagua moja: ISO kubwa bila flashi, au flashi ya kawaida.

Kuhusu rangi, nitasema kwa kifupi. Mwanga wa flashi ni mweupe unaokaribia wa mchana, kama kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Balbu ya zamani ya waya ni kama 2700. Ukivichanganya, watu watatoka na rangi yao na ukuta utakuwa wa chungwa. Kwa harusi rangi hiyo hupendeza, acheni. Msiweke mizani ya rangi kwenye alama ya balbu wakati flashi inawaka, nyuso zitageuka za samawati.

Sasa ngozi na nguo, ambako vitabu vya maelekezo havitusaidii sana. Kamera nyingi za kisasa hupima flashi kwa kutoa mwale mdogo kabla ya ule mkubwa, kisha husoma kilichorudi. Haijui kilichorudi kimetoka kwenye uso au kwenye shela. Bibi harusi mwenye gauni jeupe akijaza fremu, au wazee watano wenye kanzu, kamera inaona mweupe mwingi, inapunguza nguvu, na nyuso zetu zenye weusi wake zinazama. Ingieni kwenye menyu mtafute fidia ya flashi, ile inayokwenda kutoka −2 hadi +2 kwa theluthi theluthi. Ongezeni +1/3 au +2/3, mpige, mkuze picha kwenye skrini, mtazame kwanza uso, kisha mapambo ya gauni. Mapambo yakiwa bado yanaonekana, mko salama. Yakiwa yamefutika, rudini theluthi moja. Kinyume chake, kundi la wahitimu wenye majoho meusi au kina mama wenye mabuibui: kamera inaona giza, inamwaga nguvu yote, nyuso zinaungua. Hapo ni −1/3 hadi −2/3. Modeli nyingine hazina namba, zina kiwango cha chini, cha kati na cha juu tu. Tumieni hivyohivyo.

Ngozi nyeusi ina jambo jingine, na hili si la nguvu ya flashi. Jasho na mafuta hurudisha mwale kama kioo, ukapata mabaka meupe kwenye paji la uso na mashavu. Hakuna mpangilio wa kamera unaoondoa mabaka hayo. Dawa ni tishu mfukoni, watu wapanguse uso kabla ya picha, ila wapanguse kwa kugusagusa, wasisugue vipodozi vikatoka.

Na kwa kuwa tumetaja tishu: kuna wanaobandika tishu juu ya flashi wakiamini inalainisha mwanga. Kwa kiasi kikubwa si kweli. Ulaini wa mwanga hutokana na ukubwa wa chanzo chake ukilinganisha na umbali, na kidirisha chenu kinabaki cha sentimita chache kikiwa na tishu au bila tishu. Kinachofanyika ni kupunguza nguvu. Hilo lina faida yake ukipiga kitu kilicho karibu sana, kwa mfano pete au ua chini ya sentimita 50, ambako flashi huunguza hata ikiwa chini. Kwa watu walio mita 3 unajinyima tu. Anayetaka mwanga laini kweli aelekeze flashi kwenye dari nyeupe, na kamera ndogo nyingi haziwezi. Sony RX100 zile zenye flashi inayochomoza zinaweza: ukiivuta nyuma kwa kidole, inaangalia juu. Dari iwe nyeupe na isizidi mita 3, ISO iwe 800. Dari ya kijani inapaka watu kijani, na kwenye paa la mabati msijisumbue.

Picha ya kundi usiku inataka mpangilio wa watu kuliko wa kamera. Mstari wa mbele ukiwa mita 2 na wa nyuma mita 3, wa nyuma wanapata asilimia 44 ya mwanga wa wa mbele. Tofauti hiyo inaonekana wazi, na hao wa nyuma mara nyingi ndio wazee. Rudini hatua, mita 3 kwa 4, tofauti inapungua, wa nyuma wanapata asilimia 56, lakini sasa mnahitaji ISO 400 au 800 ili flashi ifike. Bora zaidi, wapange kwa nusu duara wewe ukiwa katikati, mistari ikaribiane, wa nyuma wasimame kwenye ngazi badala ya kurudi nyuma. Waondoeni ukutani mita 1 au zaidi, vivuli vyeusi nyuma ya vichwa vitashuka au kupotea. Ukigeuza kamera wima, igeuze upande utakaoiacha flashi juu ya lenzi, si chini. Flashi ikiwa chini, vivuli hupanda juu na uso unatisha.

Macho mekundu yanatokana na flashi kukaa karibu mno na lenzi. Mboni ikiwa imefunguka gizani, mwale huingia, hupiga mishipa ya damu nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Alama ya jicho huwasha taa ndogo kwa kama sekunde moja ili mboni zijifunge kabla ya mwale wenyewe. Sipendi sana kuitumia kwenye sherehe, maana watu huona ile taa ya kwanza, hudhani imekwisha, na hufumba macho au kugeuka. Ukiitumia, tangaza: "Taa mbili, tulieni hadi ya pili." Njia zenye nafuu ni kuwasha taa za chumba, kusogea karibu ukiwa umerudisha zumu, na kuwaambia watu waangalie bega lako badala ya lenzi.

Lakini sikilizeni hili vizuri, hasa walezi wa watoto wadogo. Mtoto ambaye jicho moja lake hutokea jeupe au la manjano katika picha za flashi, si mara moja bali picha baada ya picha, huku jingine likiwa jekundu au la kawaida, apelekwe kliniki ya macho bila kungoja. Huenda isiwe kitu, pembe ya picha tu inaweza kuleta weupe. Ila ndivyo pia saratani ya jicho ya watoto, iitwayo retinoblastoma, inavyoweza kujionyesha mapema, na ikiwahiwa inatibika.

Yale madoa ya mviringo, meupe, yanayoelea kwenye picha za usiku nje, ambayo kila mwaka yanazua maneno ya mizimu, ni vumbi. Punje ya vumbi, tone la mvua au mdudu akiwa sentimita chache mbele ya lenzi hupata mwanga mkali mno na huwa nje ya fokasi, akavimba kuwa duara. Pakiwa na watu wanaocheza ngoma juu ya udongo mkavu, au manyunyu, punguzeni madoa kwa kuzima flashi. Kuifuta lenzi hakuyaondoi.

Vioo: miwani, fremu za picha, kitambulisho kilichotiwa plastiki. Mwale unakwenda na kurudi kwa pembe ileile, basi usisimame mbele moja kwa moja. Mwenye miwani ainamishe uso kidogo chini, au wewe sogea pembeni. Vyeti na vitambulisho vipigwe karibu na dirisha, flashi ikiwa imezimwa.

Na kuna mahali ambapo flashi huzimwa kwa sababu ya adabu na kanuni: ibadani, makumbusho, na kwa wanyama. Wanaokwenda kutazama sokwe wakubwa (gorila) wa Bwindi nchini Uganda au wa Volcanoes nchini Rwanda huambiwa wazime flashi kabla ya kuingia msituni. Izimeni mkiwa bado kambini, kisha mpige picha moja ya majaribio, maana kamera nyingine hurudi otomatiki zikizimwa na kuwashwa.

Mwisho ni betri. Flashi ndiyo mlaji mkubwa. Ndani kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayojazwa hadi kama volti 300, ndiyo maana baada ya mwale unasubiri sekunde 3 hadi 8 taa ya chungwa ikipepesa. Usibonyeze kabla haijatulia, utapata picha nyeusi au kamera itakataa. Kusubiri kukizidi sekunde 10, betri zinakufa. Kwa kamera za betri za AA nunueni za NiMH za kuchaji, mAh 2000 au zaidi (kipimo cha akiba ya umeme), ingawa zimeandikwa volti 1.2 na si 1.5, kwa kuwa zinatoa umeme kwa kasi bila kulegea. Betri za bei rahisi za redio zitakupa picha chache tu. Msichanganye mpya na kuukuu.

Kamera iliyolala kabatini miaka kadhaa, flashi yake huchelewa kujaa mara ya kwanza. Chaji betri, washa flashi mara tano au sita ukipumzika nusu dakika kila mara, kwa kawaida inarudi. Isiporudi, msiifungue nyumbani hata betri zikiwa zimetolewa. Ile kapasita hubaki na umeme kwa muda mrefu, na mshtuko wake unaweza kumwangusha mtu mzima. Fundi anajua kuimwaga kwanza.

Sasa toeni kamera zenu, wekeni P, na tutoke nje wakati jua bado liko juu. Anayevaa kofia ndiye atakayepigwa picha wa kwanza: moja bila flashi, moja kwa flashi ya lazima, mita moja na nusu.